Mizani ya Kliniki na Swali Isilouliza

Asubuhi ya kliniki, kabla ya kupimwa damu na kabla ya mkunga kupapasa tumbo, kuna mizani. Mjamzito huvua viatu, huweka mkoba pembeni, hupanda. Namba husomwa kwa sauti na kuandikwa kwenye kadi. Ikiwa imepanda kuliko ya mwezi uliopita, husikia "vizuri, mtoto anakua", na wenzake kwenye benchi hutabasamu. Ikiwa imeshuka, ndipo maswali huanza: Unakula nini? Bado unatapika? Nyumbani kuna shida gani?

Mizani hiyo imefundishwa kuogopa jambo moja, nalo ni kukonda. Haikufundishwa hivyo kwa makosa. Tambarare za wilaya ya Same, kuanzia mjini kuelekea Makanya na Hedaru, zimekaa kwenye kivuli cha mvua cha Milima ya Upare. Mawingu humwaga maji yao juu, Chome na Mbaga, na upande wa chini mahindi hunyaukia shambani miaka mingi kuliko anavyopenda mkulima. Mahali penye njaa ya msimu, malaria na upungufu wa damu, mkunga aliyeuliza "mbona huongezeki?" aliokoa watoto.

Lakini wanaopanda mizani hiyo wamebadilika. Watafiti waliopitia kumbukumbu za wajawazito zaidi ya 73,000 wa kliniki za Dar es Salaam walikuta kwamba mwaka 1995 wenye unene uliokithiri walikuwa asilimia 3.6, mwaka 2004 walikuwa asilimia 9.1. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa umri wa kuzaa nchini wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Ule wa 2022 ulikuta wamepita theluthi moja. Mkoa wa Kilimanjaro, ambao Same ni wilaya yake, umekuwa kwenye safu ya juu ya orodha hiyo pamoja na Dar es Salaam.

Hoja ya makala haya ni kwamba uzito unaomletea mjamzito matatizo hauanzii kwenye mimba, na kwa sehemu kubwa haumaliziki humo. Hujengeka katika miaka ya kati, baina ya mimba moja na nyingine, na kliniki inayouliza tu kama namba imepanda huukuta umekwisha kaa.

Mlima na tambarare

Wilaya ya Same ina nchi mbili ndani yake. Juu, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,463, kuna migomba, maharage, na tangawizi ya Mamba. Huko kwenda shamba ni kupanda na kurudi nyumbani ni kushuka, au kinyume chake, na hakuna njia ya tatu. Chini kuna barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, mabasi yanayosimama abiria wale, na upande wa mashariki kuna mpunga wa Ndungu.

Chakula kilicholea milima hiyo kinajulikana nchi nzima, maana Wapare wametaniwa kwa makande tangu zamani. Kwa jicho la lishe, utani huo umewapa sifa wasiyoidai. Mahindi yasiyosagwa yakipikwa na maharage humeng'enywa taratibu. Nyuzinyuzi hulishikilia tumbo, protini hujenga, na sukari huingia kwenye damu kidogo kidogo. Ukiongeza mnafu au mchicha, hapo una mlo ambao mtaalamu wa lishe angempangia mjamzito mwenye uzito mkubwa bila kubadilisha kitu, ila kuangalia mafuta ya kuungia.

Kilichobadilika ni vitu vinavyoyazunguka makande. Dona imeipisha sembe. Chai ya asubuhi ina vijiko vitatu vya sukari na huja na maandazi mawili ya ngano nyeupe yaliyozama kwenye mafuta. Mjini na kando ya barabara, chipsi mayai ni mlo wa haraka wa mchana na soda ndiyo maji yake, nayo chupa moja ya mililita 350 hubeba sukari ya gramu 35 hivi, sawa na vijiko vinane au tisa vya chai. Huku chakula kikizidi nguvu, mwendo umepungua. Bodaboda inapanda leo njia ambazo bibi zetu walizipanda na mzigo kichwani. Msichana aliyekulia Suji akiolewa Same mjini au kufungua duka Dar es Salaam, miguu yake hupumzika lakini sahani yake haipungui.

Hili si suala la uvivu, na anayelihubiri hivyo hajawahi kubeba ndoo ya maji mlimani. Bodaboda hiyo hiyo ndiyo humfikisha mjamzito kituoni usiku wa uchungu. Mwili wa mwanamke wa Upare ulizoea kuweka akiba kwa ajili ya miezi ya ukame. Sasa akiba inaingia mwaka mzima, na mwezi wa kuitumia haufiki.

Kunenepa ni kutunzwa

Anayetaka kuzungumza na mjamzito juu ya uzito ajue kwanza anagusa nini. Kwetu mwanamke akinenepa baada ya kuolewa, sifa huenda kwa mume: "anamtunza". Akirudi kwao amekonda, mama yake hauulizi mwili, huiuliza ndoa. Miaka ya ukimwi ilipouma, kukonda kulipata maana nyingine ya kutisha, na wengi waliokuwa wazima walijilisha ili wasinong'onwe. Mwili mnene ukawa cheti cha afya ambacho kila mtu aliweza kukisoma njiani.

Mimba inapoingia, kuna shangazi na mama mkwe wenye fundisho moja: kula, mko wawili. Nia ni njema, lakini hesabu ndiyo yenye hitilafu. Kwa mwanamke wa uzito wa kawaida, miezi mitatu ya kwanza haihitaji nguvu ya ziada inayostahili kutajwa. Miezi mitatu ya kati huhitaji takriban kilokalori 340 za ziada kwa siku, na ya mwisho takriban 450. Kwa lugha ya jikoni, hiyo ni sahani ndogo ya makande na ndizi moja. Mtoto anahitaji madini chuma, foliki, protini na kalsiamu zaidi ya anavyohitaji wanga. Watani wa Wapare husema Mpare hatoi shilingi bila kuihesabu mara mbili. Mjamzito angeihesabu sahani yake hivyo hivyo, utani ungekuwa umefanya kazi ya maana.

Uzito unafanya nini

Uzito mkubwa si ugonjwa peke yake, na wanawake wengi wanene huzaa salama. Unachofanya ni kufungua milango kadhaa kwa wakati mmoja.

Mlango wa kwanza ni presha. Mafuta mengi mwilini huchosha kuta za mishipa ya damu, na mimba huidai mishipa hiyo kazi ambayo haijawahi kuifanya. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kila uwiano wa uzito na urefu unapopanda kwa alama 5 hadi 7, hatari ya presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo huongezeka takriban maradufu. Hali hiyo huanza baada ya wiki ya 20, presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na isipodhibitiwa huweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, maumivu chini ya kifua upande wa kulia, uso kuvimba ghafla: yote haya ni ya kwenda kituoni siku hiyo hiyo.

Mlango wa pili ni sukari. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama ifanye kazi kwa shida, ili sukari ibaki kwenye damu kwa ajili ya mtoto. Mwili wenye mafuta mengi ulikuwa umeanza shida hiyo kabla ya mimba. Sukari ikizidi humfikia mtoto, naye hutoa insulini yake na kuigeuza kuwa mafuta. Ndiyo maana kisukari cha mimba huzaa watoto wa kilo nne na zaidi, ambao kichwa hutoka na mabega yakakwama. Mtoto mkubwa si lazima awe mtoto mwenye nguvu. Saa chache baada ya kuzaliwa sukari yake inaweza kushuka vibaya, kwa sababu kongosho lake lilizoea karamu ambayo sasa imekatika.

Mlango wa tatu uko chumba cha upasuaji. Mama mwenye uzito mkubwa hupasuliwa mara nyingi zaidi, na akipasuliwa kila hatua ni ngumu zaidi: sindano ya ganzi kupata nafasi yake mgongoni, kidonda kufunga bila usaha, damu kutoganda kwenye mishipa ya miguu, kizazi kukaza na kuzuia kutokwa damu. Hata kupima kuna mtego. Kitambaa cha kawaida cha kupimia presha kikifungwa kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, na mkono wa mkunga hupata shida kujua mtoto amelala vipi.

Kilo zile zile, wanawake wawili

Chukua wanawake wawili, kila mmoja ana kilo 75 mwanzo wa mimba. Wa kwanza ana urefu wa sentimita 155, wa pili 174. Ukigawanya uzito kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, wa kwanza anapata uwiano wa 31, ambao ni unene uliokithiri. Wa pili hafiki 25, kwa hiyo ni mzima wa kawaida. Mizani imewaita kwa jina moja.

Vipimo vinavyotumika sana duniani ni vile vya Taasisi ya Tiba ya Marekani vya mwaka 2009. Aliyeanza mimba na uwiano chini ya 18.5 aongezeke kilo 12.5 hadi 18. Wa 18.5 hadi chini ya 25, kilo 11.5 hadi 16. Wa 25 hadi chini ya 30, kilo 7 hadi 11.5. Wa 30 na zaidi, kilo 5 hadi 9 tu. Mwanamke wetu wa sentimita 155 akiongezeka kilo 14 atapongezwa kila mwezi kwenye mizani, ilhali amepita mpaka wake kwa kilo tano.

Mtu anaweza kuuliza: kilo 5 zinatosha vipi na mtoto peke yake ana kilo 3? Mtoto ana kilo 3 na kitu, kondo la nyuma na maji yake karibu kilo moja na nusu, na zilizobaki ni kizazi, matiti, damu iliyoongezeka na maji ya mwili. Kwa mwanamke wa kawaida, kilo kama 3 za juu ni akiba ya mafuta kwa ajili ya kunyonyesha. Mwenye unene uliokithiri anayo akiba hiyo tayari. Kwake, kuanzia mwezi wa nne, kilo moja kwa mwezi inatosha. Namba ikiruka kilo moja au mbili ndani ya wiki, hilo huwa si la chakula. Huenda ni maji, na maji huenda ni presha.

Jambo la kushangaza ni kwamba kadi ya mjamzito Tanzania inao urefu. Huandikwa siku ya kwanza, kwa sababu mama wa chini ya sentimita 150 amekuwa akihesabiwa kuwa katika hatari ya nyonga nyembamba. Urefu upo na uzito upo, sentimita chache kati yao kwenye karatasi moja. Kinachokosekana ni mtu wa kugawanya, au jedwali ukutani linalomwezesha mkunga mwenye foleni ya wanawake 40 kusoma jibu bila kikokotoo.

Kuna shida moja zaidi, ya tarehe. Hesabu hii huanza na uzito wa kabla ya mimba. Utafiti wa 2015-16 ulionyesha kwamba ni takriban mjamzito mmoja kati ya wanne nchini aliyefika kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Anayeanza mwezi wa tano hana kianzio. Ana uzito ambao ndani yake kuna mtoto, maji na kilo zisizojulikana za zamani. Mzingo wa mkono wa juu husaidia kidogo, maana haubadiliki sana katika mimba. Lakini dawa halisi ni kuwahi.

Kinachowezekana ndani ya miezi tisa

Hapa ndipo mahubiri mengi ya lishe hudanganya. Mwaka 2017 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliounganisha majaribio 36 yenye wajawazito 12,526 waliopewa ushauri wa chakula, mazoezi, au vyote viwili. Waliopata ushauri waliongezeka pungufu ya wenzao kwa gramu 700 tu. Upasuaji ulipungua, lakini kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo ushauri unafaa, ila hauwezi kufuta ndani ya miezi sita kilichojengwa kwa miaka kumi.

Kwa hiyo lengo la mjamzito si kupungua. Kujinyima mlo, kunywa chai za kupunguza mwili au kukata wanga wote ni hatari kwa mtoto. Lengo ni kuongezeka kwa kipimo chake, na kwa Same hilo lina sura inayojulikana. Makande yarudi mezani yakiwa na mboga nyingi na mafuta ya kijiko, si ya kumimina. Dona iwe badala ya sembe pale inapopatikana. Soda iwe ya sherehe, na chai ipunguziwe kijiko kimoja cha sukari kila wiki mpaka ulimi uzoee. Wali wa Ndungu ni mtamu na haujakatazwa, lakini usizidi robo ya sahani, robo nyingine iwe maharage, dagaa au samaki, na nusu iwe mboga. Tangawizi ya Mamba kwenye maji ya moto husaidia kichefuchefu cha asubuhi, na inafanya kazi hiyo bila sukari.

Mwendo ni sehemu ya pili. Shirika la Afya Duniani hushauri wajawazito wasio na tatizo wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Kwa mwanamke wa Mbaga hilo ni njia ya kawaida ya kwenda shamba, na ushauri wake ni mwingine: apunguziwe kuni na ndoo, maana mzigo mzito si mazoezi. Kwa muuza duka wa Same mjini, ni kutembea nusu saa jioni jua likipoa, siku tano kwa wiki. Mume akitembea naye, majirani watasema, waache waseme.

Sehemu ya tatu ni ya kituo cha afya: presha kila hudhurio, mkojo kupimwa protini, damu kupimwa sukari badala ya kutegemea mkojo peke yake, kwa kuwa mkojo huweza kuonekana safi huku sukari ikiwa juu. Mwenye unene uliokithiri pamoja na hatari nyingine ya presha, kama mimba ya kwanza au presha katika mimba iliyopita, aulize mapema kuhusu aspirini ya dozi ndogo. Shirika la Afya Duniani huipendekeza, miligramu 75 kwa siku ikianza kabla ya wiki ya 20, kwa walio katika hatari kubwa, nayo hutolewa na mtaalamu tu. Hapa tena aliyefika mwezi wa sita amekuta mlango umefungwa.

Na kuna jiografia. Kutoka Same hadi hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, ni zaidi ya kilomita 100, na kabla ya kilomita hizo kuna kona za kushuka mlimani ambazo mvua ya masika huzigeuza utelezi. Mwanamke wa Chome mwenye uwiano wa 34 na presha inayopanda asisubiri uchungu ndipo apange safari. Familia ikae mwezi wa saba, ijue atazalia wapi, atafikia kwa ndugu gani, nani atamchangia damu. Mfumo wa m-mama, uliosambazwa kitaifa kuanzia 2022, humwezesha mtu kupiga 115 bila malipo na kuletewa gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Ni msaada mkubwa, na kwa mlimani ni mkubwa zaidi kwa aliyejiandaa.

Miaka ya kati

Tukirudi kwenye miaka ya kati, ushahidi wake mzito umetoka mbali. Sweden, watafiti walifuatilia wanawake zaidi ya 150,000 kutoka mimba ya kwanza hadi ya pili, na wakachapisha matokeo mwaka 2006. Mwanamke aliyepanda alama 3 au zaidi za uwiano kati ya mimba hizo alikuwa na hatari kubwa zaidi ya presha ya mimba, kisukari cha mimba na kujifungua mtoto mfu, hata kama hakuwa mnene kwa kipimo chochote. Alama tatu kwa mwanamke wa sentimita 160 ni kilo 8 hivi, yaani zile kilo ambazo kila mmoja wetu amezisikia zikisifiwa: "uzazi umemkubali."

Karibu nasi, KCMC imeweka tangu mwaka 2000 daftari la vizazi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway. Watafiti walioyafuatilia majina ya kina mama ndani yake waliona kwamba aliyepata presha yenye protini katika mimba moja alikuwa na nafasi ya mmoja kati ya wanne kuipata tena iliyofuata. Mimba iliyopita ni barua iliyoandikwa kwa mimba ijayo. Ndivyo ilivyo pia kwa kisukari cha mimba: aliyekipata hatari yake ya kisukari cha kudumu huwa mara saba au zaidi ya mwenzake, na anatakiwa kupimwa tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, wakati ambao wengi wako ndani wakinywa mtori na supu, na hakuna anayekumbuka sukari.

Mtori si adui. Mzazi anastahili kupumzika na kulishwa, na kunyonyesha kunakula nguvu. Tatizo ni kwamba ulishaji wa miezi mitatu hugeuka mazoea ya miaka mitatu. Nafasi ya angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine, ambayo Shirika la Afya Duniani huipendekeza, ndiyo muda pekee ambapo mwanamke anaweza kupunguza uzito bila kumhatarisha mtu tumboni. Na katika muda huo wote, kwa kumbukumbu za afya, mwili wake haupo.

Yeye mwenyewe lakini yupo. Kila mwezi hurudi kliniki, safari hii akiwa na kadi ya mtoto. Husimama foleni ile ile, mbele ya mkunga yule yule. Katika vituo vyenye mizani ya elektroniki ya mama na mtoto, yeye ndiye hupanda kwanza, peke yake. Namba yake hujitokeza kwenye kioo, wazi kabisa. Kisha mkunga hubonyeza kitufe, namba hurudi sifuri, na mtoto huwekwa mikononi mwake ili apimwe.

Kalamu ipo mezani. Kabla kitufe hakijabonyezwa, namba ile iandikwe.